Gorila wa Maniema: hesabu nne, vita viwili na ramani moja

KINDU – Ukitoka Kindu na kuelekea Punia na Lubutu, hadi kwenye milima ya Kivu, unapita katika msitu wa gorila wa Grauer. Mnyama huyu hapatikani popote duniani isipokuwa mashariki ya Congo. Tangu mwaka 1959 amehesabiwa mara nne, na kila hesabu inaeleza pia yaliyowapata watu wa hapa.

Mwaka ule wa 1959, watafiti John Emlen na George Schaller walizunguka misitu ya mashariki. Walikadiria kwamba gorila wako kati ya 5,000 na 15,000. Waligundua pia jambo ambalo wawindaji wa vijijini walilijua zamani: gorila hakai tu ndani ya msitu mzee. Anapenda pia shamba lililoachwa, kwa sababu majani machanga huota humo kwa wingi. Kwa hiyo si kila jembe linamfukuza. Bunduki na mtego ndivyo vinavyommaliza.

Hesabu ya pili ilifanyika katikati ya miaka ya 1990, katika bonde la parke ya Kahuzi-Biega na huko Kasese, wilayani Punia. Kutokana na hesabu hiyo, watafiti walikadiria kwamba gorila wote wa Grauer walikuwa karibu 17,000.

Kisha vita vikafika. Mwishoni mwa 1996, wakimbizi wa Rwanda zaidi ya laki moja walijikuta Tingi-Tingi, karibu na Lubutu. Wenyeji nao waliacha nyumba zao wakajificha msituni. Vita vya pili vilianza 1998, na mwaka 2000 bei ya koltani ikapanda sana. Machimbo yakafunguliwa ndani kabisa ya msitu, mahali pasipo na soko wala ng'ombe, na chakula kikawa nyama ya pori. Gorila hutembea chini, kwa kundi, na jike huzaa mara moja tu kwa miaka minne hivi. Kundi likipigwa risasi, pengo lake halizibiki upesi. Mwenye kukimbia hakuchagua njia, lakini msitu ulilipa.

Mwaka 2016 ikatoka hesabu ya tatu: gorila 3,800 tu. Watafiti hawakuweza kufika kila mahali kwa sababu ya silaha, basi walitumia kompyuta. Kazi hiyo inafanyika hivi. Gorila hujenga kiota kipya kila jioni, na watafiti huandika viota vilipoonekana. Kisha huangalia ramani: msitu uko wapi, barabara na kijiji viko umbali gani, mvua na joto vikoje. Kompyuta inatafuta sehemu nyingine zinazofanana na zile, na kukadiria kama kuna gorila.

Mwaka 2021 shirika la WCS likatoa hesabu ya nne: 6,800. Gorila 3,000 hawakuzaliwa ndani ya miaka mitano. Kilichobadilika ni miguu. Timu zilikuwa zimefika sehemu zilizokuwa hazijapimwa vizuri, ukiwemo msitu wa jamii wa Oku pembeni ya Kahuzi-Biega. Kompyuta haikudanganya, ilikosa habari. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya gorila waliokuwepo kabla ya vita hawapo tena.

Sasa kuna jambo jingine. Mwaka huohuo wa 2021, watafiti wakiongozwa na Joana Carvalho walitazama mbele hadi 2050. Waliweka pamoja mabadiliko ya hewa, ukataji wa misitu na ongezeko la watu. Waliona kwamba nyani wakubwa wa Afrika, yaani gorila, sokwe na bonobo, wanaweza kupoteza asilimia 85 ya makao yao, na hali ikiwa mbaya zaidi, asilimia 94. Joto likizidi, sehemu zinazowafaa zitasogea kuelekea milimani. Lakini milima ya Kivu imejaa mashamba na watu. Utafiti mwingine ulionyesha kwamba kati ya 1988 na 2013, kiangazi cha katikati ya mwaka katika msitu wa Congo kilirefuka kwa siku 6 hadi 10 kila miaka kumi.

Ramani hizi si mambo ya wasomi peke yao. Zinaweza kutumiwa kuamua wapi patakuwa hifadhi na wapi mtu ataruhusiwa kulima. Mahali ambapo hakuna aliyepita, ramani inaweza kuonyesha pori tupu, kumbe ni shamba la familia iliyokimbia na inayongoja amani ili irudi. Huko Punia wenyeji walikwisha anzisha hifadhi ya gorila katika msitu wao wenyewe. Wanajua kiota kiko wapi, na wanajua pia mwembe uliopandwa na babu uko wapi. Vyote viwili vinapaswa kuandikwa kwenye ramani moja, kabla hesabu ya tano haijaanza.