Kimbunga Kisichokuwa na Jina

Kule Bariadi mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula akiwa wa kiume, Kabula akiwa wa kike. Kwa Kisukuma mbula ni mvua. Watu wa Simiyu basi hawatashangaa kusikia kwamba kimbunga nacho hupewa jina.

Kilichoipiga Unguja Aprili 1872 hakikuwa nalo. Kiliharibu merikebu za Sultani Barghash, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ikawa ndiyo yenye karafuu. Kile cha Lindi cha Aprili 1952 nacho twakitaja kwa mwaka tu.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi majina yalianza Januari 1960, cha kwanza kikiwa Alix. Nchi za ukanda huu hutoa majina, yakapangwa kwa alfabeti, na kila msimu huanza na A. Wamarekani walitumia majina ya wanawake peke yake tangu 1953 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Wanawake wakalalamika, na kwa haki kabisa.

Jina halitolewi ovyo. Sharti upepo ufikie kilomita 63 kwa saa, na hapo bado ni dhoruba tu. Ukifika 118 ndipo twasema kimbunga. Marekani wangekiita hariken, Japani taifuni. Hidaya kilivuka kiwango hicho kikiwa baharini, kikapungua nguvu kabla ya kufika Mafia 4 Mei 2024. Na hidaya, jamani, ni zawadi!

Mkulima wa Bariadi ataniuliza: pwani iko mbali, mimi na pamba yangu hayo yananihusu nini? Yanamhusu sana. Kimbunga kikizunguka mashariki ya Madagascar huweza kuvuta upepo wa magharibi kutoka Kongo, ukaja na unyevu hadi huku kwetu Ziwa Victoria na kuteremsha mvua. Machi 2018 Dumazile na Eliakim vilikuwa upande huo, na Kenya ikapata mvua kubwa kupita kawaida. Kikikaa mahali pengine, chaweza kutunyang'anya unyevu huo huo.

Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotaja jina jipya, swali langu la kwanza si kasi ya upepo. Nauliza: kiko upande gani wa Madagascar?