Maji yaliyosafishwa upya: namna gani watu wa Kapata wanaweza kuyaamini?

Kapata, kartier ya zamani ya wafanyakazi wa Gécamines pembeni ya Kolwezi, inajua bei ya bidon moja ya maji. Robine ikikauka, wamama na watoto wanarudi kwenye kisima ao kwenye mto. Basi mutu akisema maji ya kuoga na ya choo yanaweza kusafishwa mpaka yanyweke, jibu la kwanza ni: "Apana, hayo hatunywi!" Lakini kabla ya kukataa ao kukubali, tuelewe.

Ni maji gani haya?

Ni maji yaliyotumika nyumbani, yanakusanywa kwa mabomba na kusafishwa kwa hatua nyingi. Kwetu Kolwezi kiwanda cha namna hiyo hakipo. Windhoek, muji mukuu wa Namibia, inchi ya ukame, wanayanywa tangu 1968. Kiwanda chao kipya cha Goreangab kilifunguliwa 2002, na kinaweza kutoa meta kubiki 21,000 kwa siku. Maji yanapita kwenye ozoni, mchanga, makaa maalum, chujio nyembamba sana, kisha klorini. Mwishoni yanachanganywa na maji mengine ya muji.

Kukubali hakuji kwa nguvu

Toowoomba, muji wa Australia, walipiga kura mwaka 2006. Karibu watu 62 kwa 100 walikataa, ijapokuwa ukame ulikuwa mukali. Singapore walifanya vingine: waziri mukuu Goh Chok Tong alikunywa maji hayo mbele ya watu mwaka 2002, na mwaka uliofuata wakafungua nyumba ya wageni, watu waingie waone mashine kwa macho yao.

Kwetu kuna hofu mbili

Kwa wengine shida ni choo. Kwa watu wa Lualaba kuna ingine: shaba na kobalti. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Mama anayechemsha maji ya mtoto wake kila siku anaweza kufanya kazi yake yote vizuri na metali ikabaki ndani ya sufuria.

Ndiyo maana somo kubwa la Windhoek si mashine. Kule, maji machafu ya viwanda yanapita njia yake, hayachanganywi na maji ya nyumba. Mahali penye migodi, hilo ndilo jambo la kwanza la kuuliza.

Mambo ya kuuliza mbele ya kusema "ndiyo"

- Maji ya migodi na ya viwanda yanaenda wapi? Yatengwe kabisa.
- Nani anapima? Laboratware isiyolipwa na anayeuza maji, na ipime metali pia, si vijidudu peke yake.
- Matokeo yanaonekana wapi? Yabandikwe kwenye kituo cha afya, kwa Kiswahili, na yasomwe kwenye radio, hata yakiwa mabaya.
- Nani anafunga robine maji yakiharibika, na watu watapata maji gani siku hiyo?
- Wakubwa wa leta na wa kampuni watakunywa maji hayo hayo nyumbani kwao?

Sheria iko upande wetu

Sheria ya maji ya tarehe 31/12/2015 ipo. Na Code minier, iliyorekebishwa mwaka 2018, inadai kampuni ya madini itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na iandikiane nao cahier des charges. Maswali haya matano yanaweza kuingia humo kabla mutu hajaweka sahihi.

Kukataa si ujinga, wala kukubali haraka si maendeleo. Watu waliodanganywa juu ya mto wao hawataamini bomba kwa sababu ya hotuba. Wataamini wakiona karatasi ya vipimo, mwezi kwa mwezi, na wakijua mlango wa kiwanda uko wazi.