Dandora: kuhamisha jaa si kusafisha

Kila uchaguzi huku Eastlands tunaahidiwa kwamba jaa la Dandora litahamishwa. Hebu tuangalie historia.

1/ Jaa lilianza miaka ya 1970. Mwaka 2001 likatangazwa kwamba limejaa. Malori hayakuacha kumwaga.

2/ Mwaka 2007 UNEP ilitoa ripoti: watoto 328 wa karibu na jaa walipimwa, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kupita kiasi kwenye damu.

3/ Risasi haiozi. Hushikamana na tope, na tope husafiri: Mto Nairobi unapita kando ya jaa, unaingia Athi, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi.

4/ Kwa hivyo akija kuomba kura, muulize hivi: ukishahamisha jaa, udongo na mto wetu utasafishwa na nani?