Visiga: barabara, maji na majitaka

Visiga ni kata ya Kibaha Mjini, Mkoa wa Pwani, Tanzania. Iko kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kibaha na Mlandizi. Wakatoliki wanaijua kwa seminari yake ya Mtakatifu Maria, ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam. Wenye viwanda wanaijua kwa Zegereni, eneo lililotengwa kwa uwekezaji wa viwanda. Kwa anayetaka kujua jinsi huduma za msingi zinavyojengwa pembezoni mwa jiji kubwa, Visiga ni mahali pazuri pa kuanzia: barabara kuu ya taifa inapita hapo, maji ya Dar es Salaam yanapita hapo, na viwanda vimefika kabla mji wenyewe haujakamilika.

Visiga iko chini ya halmashauri ya Kibaha, iliyopewa hadhi ya mji mwaka 2004. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 128,488 katika Kibaha Mjini. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 265,000. Kwa hiyo idadi imezidi maradufu ndani ya miaka kumi. Wengi wa hao ni watu waliotafuta kiwanja cha bei nafuu kuliko Kimara na Mbezi za Dar es Salaam, wakajenga kwanza, kisha wakasubiri barabara na maji viwafuate.

Nani mwenye nini

Mkazi wa Visiga akiona kalvati limezolewa na mvua, bomba limekauka siku ya nne au karo la jirani linatapika barabarani, humwendea mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti hulifikisha jambo hilo kwa mtendaji na diwani, na diwani hulisemea kwenye baraza la madiwani. Huo ndio mlolongo wa uwajibikaji. Mlolongo wa fedha na mitambo ni mwingine kabisa. Barabara ya Morogoro ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu uliozaliwa mwaka 2000. Barabara za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoundwa Mei 2017 na kuzinduliwa Julai mwaka huohuo. Maji na majitaka ni ya DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, ambayo kwa sheria ya 2001 ilikabidhiwa Dar es Salaam pamoja na Kibaha na Bagamoyo. Bei ya maji inaidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Anayetaka kuchota maji mtoni au kumwaga majitaka yake humo anahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Halmashauri imebaki na upimaji wa viwanja, vibali vya ujenzi, taka ngumu, afya ya jamii na lawama.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, katika zama za madaraka mikoani, zikarudishwa kwa sheria za 1982: Sheria namba 7 kwa wilaya na namba 8 kwa miji. Mwaka 1998 serikali ilitangaza sera ya ugatuaji, ambayo nia yake ilikuwa kushusha fedha, wataalamu na maamuzi hadi kwenye halmashauri. Miaka iliyofuata ilielekea upande mwingine, huduma moja baada ya nyingine ikahamishiwa kwenye wakala. Hoja ya kuunda TARURA ilikuwa ya kweli: wahandisi wa halmashauri walikuwa wachache, na fedha za barabara zilikuwa zikichepushwa kwenda kwenye mahitaji mengine. Malalamiko ya madiwani na wabunge nayo yalikuwa ya kweli: mwananchi anamdai diwani barabara, na diwani hana greda wala fungu. Ugomvi huo haukwishi kwa kumtafuta mwenye kosa. Kilichokosekana ni meza moja ambapo mwenye barabara, mwenye bomba na mwenye ramani ya viwanja wanalazimika kuonyeshana mipango yao kabla ya kuchimba.

Bomba kubwa linalopita nje ya nyumba

Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, magharibi mwa Visiga. Ulijengwa mwaka 1959. Maji yanavutwa kutoka Mto Ruvu, yanatiwa dawa ya kugandisha tope, yanatulizwa kwenye mabwawa, yanachujwa kwa mchanga na kutiwa klorini, kisha yanasukumwa kwa pampu kuelekea mashariki, yakifuata ukanda wa Barabara ya Morogoro: Visiga, Kibaha, Kiluvya, Kibamba hadi Kimara. Kwa mkopo wa Serikali ya India mtambo huo ulipanuliwa kutoka meta za ujazo 82,000 kwa siku hadi 196,000, mabomba mapya yakalazwa kutoka Mlandizi hadi Kimara, na tenki la lita milioni 10 likajengwa Kibamba. Rais John Magufuli aliuzindua mradi huo Juni 2017. Mwenzake, Ruvu Chini ulioko Bagamoyo, ulijengwa mwaka 1976 na kupanuliwa kutoka meta za ujazo 180,000 hadi 270,000 kwa siku kwa fedha za Marekani.

Kwa miaka mingi watu wa ukanda huu wameuliza swali moja: maji yanapita mlangoni kwetu kwenda Dar es Salaam, sisi tunachota kisimani, kwa nini? Swali ni la haki, na jibu lake la kihandisi ni muhimu kulijua. Bomba la kusafirishia maji si bomba la kugawia. Maji yake husukumwa kwa nguvu kubwa ili yapande vilima na kulifikia tenki la mbali. Kila tundu linalotobolewa njiani linapunguza nguvu hiyo, na mwisho wa safari tenki halijai. Nyumba ya kawaida nayo haiwezi kuhimili msukumo wa bomba la aina hiyo. Koki na viungio vingefumuka. Ili mtaa upate maji lazima litolewe toleo maalumu lenye valvu na mita, lijengwe tenki mahali palipoinuka, kisha mtandao wa mabomba madogo ushuke kwa mteremko hadi kwenye vitongoji. Hiyo ni gharama ya pili, tofauti na ile ya mtambo, na mara nyingi wafadhili hawakuiona kuwa sehemu ya mradi.

Jibu la kisiasa ni jingine. Mji mkubwa ulipewa kipaumbele kwa sababu ulikuwa mkubwa, na waliokuwa njiani walihesabiwa kama njia. Haki ya wanaokaa kando ya bomba kupata maji yake ingeweza kuandikwa kwenye mchoro tangu siku ya kwanza, kwa kuacha matoleo na kutenga maeneo ya matenki. Kuyaongeza baadaye ni ghali zaidi: viwanja vya juu vimeshajengwa, fidia imepanda, na bomba la kugawia linalazimika kukatiza chini ya barabara ambayo tayari ina lami.

Kisarawe, wilaya jirani, inaonyesha jinsi hatua hiyo ya pili inavyobadili maisha ikifanyika. Mji huo uko mlimani, karibu kabisa na Dar es Salaam, lakini uliishi bila maji ya uhakika kwa miongo kadhaa. Mradi wa kuyapandisha kutoka Kibamba, uliogharimu Sh bilioni 10.6 za mapato ya DAWASA yenyewe, ulizinduliwa Juni 2020, ukiwa na tenki la lita milioni 6. Hapakuhitajika mto mpya wala mtambo mpya. Palihitajika uamuzi wa kuyapeleka maji yaleyale kwa watu waliokuwa wakiangaliwa kutoka mbali.

Chanzo chenyewe nacho kina kikomo. Ruvu hutoka milima ya Uluguru, na vuli ikichelewa mto hupungua. Oktoba 2022 kina kilishuka hadi DAWASA ikatangaza mgawo. Mwezi uliofuata mkataba wa Bwawa la Kidunda, wilayani Morogoro, ulitiwa saini. Linakusudiwa kuhifadhi meta za ujazo milioni 190 za kuachiliwa mtoni wakati wa kiangazi.

Barabara

Barabara za TARURA zimegawanywa katika madaraja matatu: za mkusanyo, za mlisho na za jamii. Wakala huo unasimamia zaidi ya kilometa 144,000 nchi nzima, sehemu kubwa ikiwa ya udongo na changarawe. Mwaka 2021 Bunge liliongeza Sh 100 kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara hizo. Kwa hiyo dereva wa bodaboda wa Visiga huchangia ukarabati wa barabara yake kila anapojaza tanki.

Barabara ya changarawe hufa kwa maji kuliko kwa magari. Ikichongwa vizuri huwa na mgongo katikati ili mvua ishuke pembeni, mtaro unaoyapokea maji, na kila baada ya umbali fulani njia ya kuyatoa mtaroni kabla hayajawa mengi. Kimoja kikikosekana, masika moja inatosha: maji yanachagua alama za matairi, yanazichimba kuwa mfereji, na barabara inageuka kuwa mtaro wa kijiji kizima. Katika nchi ya Pwani mchanga wa miinukoni huhama haraka, na mfinyanzi wa mabondeni hunasa gari. Zegereni imeongeza uzito juu ya hayo. Malori ya viwandani hupita kwenye njia zilizopimwa kwa ajili ya baiskeli na pikapu, na kwa miaka watu wa huko waliweka barabara ya lami juu ya orodha ya madai yao.

Mahali ambapo taasisi hizi hukutana bila kukusudia ni kwenye kina cha nusu meta ardhini. Mkazi anaunganishiwa maji; fundi anachimba kifupi kwa kuwa ardhi ni ngumu na malipo ni kidogo, bomba la plastiki linalala kiganja kimoja chini ya barabara. Miezi inapita. Greda linakuja kuchonga, kisu chake kinalichukua bomba pamoja na tabaka la juu. Maji yanaruka, mtaa unakosa huduma, na yale yanayomwagika yanalainisha barabara iliyochongwa asubuhi ileile. Hakuna aliyevunja sheria waziwazi. Dawa inajulikana: bomba lizikwe kwa kina, njia yake iwekewe alama, na mabomba yanayovuka barabara yapitishwe ndani ya bomba kubwa zaidi lililowekwa kabla ya lami.

Kwenye barabara kuu mambo ni makubwa zaidi lakini ya aina hiyohiyo. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka meta 22.5 hadi 30 kila upande, na anayelaza bomba ndani ya hifadhi anahitaji kibali cha mwenye barabara. Kazi ya kupanua Kimara–Kibaha hadi njia nane, kilometa 19.2, ilianza mwaka 2018, na mabomba ya maji yakalazimika kuhamishwa. Serikali pia ina mpango wa barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha hadi Chalinze na kuendelea Morogoro. Ukanda huo ukijengwa, Visiga itakuwa njiani tena, na matoleo ya maji, vivuko vya waenda kwa miguu na barabara za pembeni vitapaswa kudaiwa wakati michoro ingali mezani.

Majitaka

Maji yakifika, majitaka huzaliwa siku hiyohiyo. Wahandisi hukadiria kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayotumika nyumbani hutoka tena yakiwa machafu. Kaya iliyokuwa ikitumia madumu manne kwa siku ikifungiwa bomba, ikaweka choo cha kuvuta na bafu, choo cha shimo hakitoshi tena. Hata Dar es Salaam mtandao wa mabomba ya majitaka unafikia sehemu ndogo tu ya wakazi. Katika kata kama Visiga watu hutegemea vyoo vya shimo na makaro yanayonyonywa na magari. Gari linahitaji barabara inayopitika. Nyumba ambayo gari haliifikii huchimba shimo jipya, au, mvua kubwa ikinyesha, hulifungulia karo liende na maji ya mtaroni. Hapo barabara, maji na majitaka vinakuwa jambo moja, na kisima cha jirani kinalipa.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 inaikabidhi mamlaka ileile maji safi na majitaka. Kwa mji usio na mabomba ya majitaka, mahali pa kuanzia panapowezekana ni mabwawa ya kutibu uchafu unaoletwa na magari, yakiwa karibu kiasi kwamba dereva hashawishiki kumwaga porini, na kanuni ya ujenzi inayolazimisha karo kuwa na sakafu na shimo la kunyonyea lililo mbali na kisima. Hili la pili liko mikononi mwa halmashauri yenyewe, kupitia kibali cha ujenzi na bwana afya wa kata. Ni mamlaka ndogo inayodharauliwa, na ndiyo yenye faida ya haraka kuliko zote zilizobaki kwake.

Zegereni inahitaji uangalifu wa peke yake. Miongoni mwa viwanda vilivyojengwa huko kuna kiwanda cha dawa cha Kairuki, kinachotengeneza maji ya dripu, bidhaa isiyoweza kutengenezwa bila maji safi mengi na ya kila siku. Viwanda vingine huchakata vitu vyenye kemikali na mafuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya ujenzi, na Bodi ya Bonde inadai kibali cha kutiririsha majitaka. Lakini kila kiwanda kikijitibia uchafu wake peke yake, ukaguzi unakuwa wa milango mingi. Mtambo mmoja wa pamoja wa eneo la viwanda ungekuwa rahisi kukaguliwa na nafuu kuendesha.

Fedha

Kibaha ilikuwa miongoni mwa halmashauri 18 za miji zilizoingizwa kwenye mpango wa kuimarisha miji, ULGSP, uliogharamiwa na Benki ya Dunia kuanzia 2013. Barabara za lami, taa na stendi ya mabasi zilijengwa mjini kupitia mpango huo. Uliofuata ni TACTIC, wa miji 45, unaoratibiwa na TARURA. Fedha za namna hii huelekea katikati ya mji, penye ofisi na soko, kwa kuwa huko kilometa moja ya lami huonekana na wengi. Kata za pembezoni hubaki na bajeti ya kawaida ya TARURA, mapato ya ndani na nguvu za wananchi, ambao mara nyingi hukodi greda kwa mchango wao ili njia ya shule ipitike kabla ya masika.