Mtu wa usingizi hospitalini: ni nani, analipwaje, na kwa nini jambo hili linatuhusu Loliondo

Kwenye kipindi cha afya kuna swali linalorudi kila mara. Mama amefikishwa hospitali usiku, daktari yupo, kitanda kipo, halafu ndugu wanaambiwa wasubiri au mgonjwa apelekwe mbele zaidi. Kwa nini? Sababu zinaweza kuwa nyingi: damu, umeme, dawa. Lakini ipo moja ambayo haisikiki sana hewani, nayo ndiyo tunayoieleza hapa. Mtu wa usingizi hayupo.

Wengi wetu tunamwita daktari wa usingizi. Katika hospitali nyingi za vijijini Tanzania si daktari. Ni muuguzi aliyesoma uuguzi kwanza, akafanya kazi wodini, kisha akaongezewa mafunzo ya kutoa usingizi na ganzi. KCMC ya Moshi imefundisha wauguzi wa aina hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2009 chuo cha afya cha Ifakara, mkoani Morogoro, kilianza kuwafundisha wauguzi na matabibu kwa miezi mitatu ili vituo vya afya vya mbali viweze kufanya upasuaji wa uzazi. Madaktari bingwa wa usingizi tunao, lakini ni wachache, na wengi wako Dar es Salaam na kwenye hospitali kubwa za rufaa.

Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi linapendekeza nchi iwe na angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Wilaya yetu ya Ngorongoro ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 270,000 katika sensa ya 2022. Piga hesabu mwenyewe: tungestahili 13. Tusidanganyane, hao hawaji kesho. Kwa hiyo anayesimama kichwani mwa mgonjwa Loliondo, Sale au Endulen ataendelea kuwa muuguzi kwa muda mrefu, na namna tunavyomtunza muuguzi huyo ndiyo namna tunavyotunza upasuaji wenyewe.

Kazi yake ni ipi hasa

Watu hudhani anachoma sindano, mgonjwa analala, kazi imekwisha. Sivyo. Kazi inaanza kabla ya sindano, kwa maswali. Umekula saa ngapi? Una pumu, presha, kifafa? Kuna jino linalolegea? Umewahi kulazwa usingizi, na ikawaje? Umekunywa dawa ya miti shamba leo? Hapo kwetu tunaomba wazee na kina mama wasikilize vizuri: maziwa ni chakula. Mtu akiambiwa asile, anajibu kwa moyo mweupe kwamba hajala kitu, kumbe alfajiri alikunywa kibuyu cha maziwa mgando. Kwa kawaida chakula na maziwa ya ng'ombe huachwa saa 6 kabla ya upasuaji, maji meupe saa 2. Anayelala usingizi mzito na tumbo limejaa anaweza kutapika, na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Hilo huua. Usifiche. Mtaalamu akijua ukweli atabadilisha njia, hatakufukuza.

Kisha huchagua. Kwa mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua, mara nyingi ni ganzi ya mgongo: sindano nyembamba chini ya mgongo, miguu inakufa ganzi, mama yuko macho na anamsikia mtoto akilia. Pakiwa na damu nyingi inayotoka, au ganzi haifai, inatumika nusukaputi, na mara nyingi dawa ya ketamini, ambayo imesaidia sana hospitali zisizo na mashine kubwa kwa sababu mgonjwa kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe na presha haishuki kirahisi. Baada ya hapo haondoki. Kidole cha mgonjwa kimebanwa na kifaa kidogo kinachoonyesha oksijeni ya damu, na yeye anatazama kifaa, anatazama kifua, anatazama rangi ya midomo, mpaka mgonjwa azinduke. Mpasuaji anaweza kuwa na msaidizi. Mtu wa usingizi, kwenye hospitali ndogo, yuko peke yake. Na akimaliza usiku, hakuna wa kumpokea asubuhi.

Pesa inapita wapi

Mwaka 2011, wakati wa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kule Samunge, magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi na kila aliyekuwemo alijua bei: shilingi 500. Muulize mtu yeyote leo bei ya kulazwa usingizi. Hajui, na si kosa lake. Katika mazungumzo yetu juu ya gharama za matibabu, usingizi hufichwa ndani ya neno upasuaji.

Tuanze na bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi 2001. Mfuko haumlipi daktari wala muuguzi mkononi. Unakilipa kituo, kwa madai kituo kinayoyaandika, kwa bei zilizopangwa kwenye kitita. Muuguzi anapata mshahara wake kutoka kwa mwajiri, serikali au shirika la dini, awe amelaza wagonjwa wawili mwezi huo au arobaini. Kwa hiyo fomu ile unayopewa kusaini kabla hujatoka si karatasi ya bure. Isome, au umwombe mtoto aliyesoma akusomee, uone huduma ulizopata zimeandikwa zote na ambayo hukuipata haimo. Dai likikataliwa, hospitali imefanya kazi na haijalipwa.

Bei hizo si jambo dogo. Tarehe 1 Machi 2024 kitita kipya cha NHIF kilianza kutumika, na hospitali kadhaa binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko kwa kuwa, zilisema, bei mpya hazirudishi gharama. Wanachama walibaki na kadi mkononi bila pa kwenda mpaka mazungumzo yalipofanyika. Wakubwa walibishana kuhusu bei kwa kiwango cha taifa. Sisi tunasema ubishi huo ulipaswa kuuliza pia: katika bei ya upasuaji mmoja, sehemu ya usingizi ni kiasi gani? Dawa, oksijeni, kifaa cha kidole, na saa za mtu aliyekesha?

Wengi wa wasikilizaji wetu hawana NHIF. Wamezoea kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi 6 kwa mwaka, au hawana bima kabisa. Na mama mjamzito, kwa sera ya nchi, anatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Sera hiyo tunaiunga mkono kwa nguvu zote. Vifo vya uzazi Tanzania vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16, vikashuka hadi 104 katika ule wa 2022. Hakuna anayetaka kurudi tulikotoka. Lakini tazama kinachotokea kwenye daftari la kituo. Upasuaji wa uzazi, ambao ndio humtoa mtu wa usingizi kitandani saa nane za usiku, ndio usioleta senti kutoka kwa mgonjwa. Na posho ya kuitwa kazini usiku hutegemea sana mapato ya kituo chenyewe. Kituo kikikosa mapato, posho inachelewa. Ikichelewa miezi kadhaa, mtaalamu mwenye ujuzi unaotakiwa kila mahali anaanza kuomba uhamisho wa kwenda Karatu au Arusha, na hatuwezi kumlaumu.

Upande wa pili wa mpaka, ndugu zetu wa Narok wana mfumo mwingine lakini shida ileile. Kenya ilianzisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF yao Oktoba 2024. Kwa kujifungua kwa upasuaji kituo hulipwa shilingi za Kenya 30,000, bei moja inayofunika kila kitu. Usingizi umo humo ndani, haujulikani ni kiasi gani.

Kulipia kazi au kulipia kuwa tayari

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Chukua mfano, si takwimu za hospitali yoyote. Kituo kimoja mjini kinafanya upasuaji 30 kwa wiki, kingine huku kwetu kinafanya 2. Ukilipa kwa idadi ya upasuaji, cha kwetu kinapata moja ya kumi na tano. Lakini muuguzi wa usingizi wa kwetu hakeshi moja ya kumi na tano ya usiku. Yuko tayari usiku wote 7, simu iko wazi, hawezi kwenda kwenye harusi Digodigo wala kumfuata mama yake mgonjwa Mbulu, kwa sababu akitoka hakuna mwingine. Wilaya yetu ina zaidi ya kilometa za mraba 14,000, na Arusha iko zaidi ya kilometa 300 kutoka Wasso. Hospitali ya Wasso, iliyoanzishwa miaka ya 1960 na Herbert Watschinger, padre na daktari kutoka Austria, iliwekwa huku kwa sababu ya umbali huohuo.

Marekani walishakutana na jambo hili. Wauguzi wa usingizi wa huko waliunda chama chao mwaka 1931, wakiongozwa na Agatha Hodgins. Madaktari wa California walimshtaki muuguzi Dagmar Nelson kwamba anafanya kazi ya udaktari bila leseni, na mwaka 1936 mahakama kuu ya jimbo hilo ikampa haki yeye. Ilichukua nusu karne nyingine: sheria ya mwaka 1986 ndiyo iliyoruhusu bima ya serikali ya wazee, Medicare, imlipe muuguzi wa usingizi kwa jina lake, kuanzia 1989. Sisi hatudai hicho. Mfumo wetu wa mishahara ni tofauti, na kumlipa mtu kwa kila sindano kunaweza kuleta sindano zisizo na sababu. Kinachotuvutia ni kipengele kingine kisichopigiwa kelele. Hospitali ndogo za vijijini za huko, zenye upasuaji usiozidi 800 kwa mwaka, zinaweza kurudishiwa gharama halisi za muuguzi wa usingizi badala ya kulipwa kwa bei ya kila upasuaji. Waliona kwamba hospitali ndogo hainunui upasuaji tu. Inanunua mtu aliye tayari.

Hilo linaweza kusemwa hapa nyumbani, na sasa kuna nafasi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na bima kama hiyo haiwezi kuendeshwa bila kitita na bei zake. Kulikuwa na mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi wa 2018 hadi 2025, ulioandikwa baada ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 kuzitaka nchi ziimarishe upasuaji na usingizi kama sehemu ya huduma za afya kwa wote. Chama cha Wauguzi Tanzania, TANNA, hupaza sauti kila Siku ya Wauguzi, tarehe 12 Mei, na TUGHE hujadiliana na mwajiri. Madai yanayofaa kusimamiwa ni ya kawaida sana: usingizi uonekane kwa jina lake kwenye bei, mafunzo ya ziada yahesabike kwenye cheo na mshahara, vituo vya mbali vipate fungu la posho ya usiku lisilotegemea wagonjwa wangapi wamelipa, na kila chumba cha upasuaji kiwe na wataalamu wa usingizi wawili, ili mmoja akiugua kingine kisifungwe.

Na kuna mahali ambapo sauti yako inafika bila kwenda Dodoma. Kila zahanati, kituo cha afya na hospitali ya serikali inapaswa kuwa na kamati au bodi yenye wawakilishi wa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati hiyo hupitia mpango na matumizi. Mjumbe wenu ni mtu mnayemjua. Kabla ya kikao kijacho mwombeni aulize mambo matatu: kituo chetu kina watu wangapi wa usingizi, posho ya usiku ya mwezi uliopita imelipwa, na ni mara ngapi mgonjwa amepelekwa mbele kwa sababu mtu huyo hakuwepo. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, yasomwe kwenye mkutano wa kijiji.