Mwanasesere Aliyekataliwa na Watoto

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni usemi wa sokoni, na mara nyingi ni kweli. Lakini leo tutazame historia ya kitu kimoja kilichoshindwa kujiuza, kikasahauliwa kwa miaka 25, kisha kikaja kugombaniwa na watu wazima wenye kazi na familia zao. Kitu chenyewe ni mwanasesere, au mdoli kama tunavyomwita mitaani.

Najua wapo watakaoguna. Mtu mzima na mdoli wapi na wapi? Kwa hao nitawakumbusha kwamba hata hapa kwetu Pwani, Wazaramo walikuwa na mwana hiti, kinyago kidogo cha mti alichopewa mwali aliyewekwa ndani. Kinyago kile kilihusu kumwingiza binti utu uzima, si kumrudisha utotoni. Kwa hiyo tusiharakishe kucheka.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1972 kampuni ya Kenner, yenye makao yake mjini Cincinnati, ilitoa mwanasesere aliyeitwa Blythe. Aliyembuni ni Allison Katzman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Marvin Glass ya Chicago. Blythe alikuwa na kimo cha sentimita 28 hivi, mwili mwembamba, na kichwa kikubwa kuliko mwili ulivyostahili kukibeba. Macho yake yalikuwa makubwa na ya duara. Kisogoni palikuwa na kamba. Ukiivuta, macho hufumba, na yakifumbuka yana rangi nyingine: kijani, waridi, bluu au machungwa.

Kwa fundi, ile ilikuwa kazi ya akili. Kwa watoto, habari ilikuwa nyingine. Inaelezwa kwamba wengi waliyaogopa macho yale. Blythe alidumu sokoni mwaka mmoja tu, kisha kampuni ikaacha kumtengeneza. Hapo soko lilikuwa limekwisha kutoa hukumu, na kwa kawaida hukumu ya soko haina rufaa.

Rufaa ilikuja mwaka 1997. Mtayarishaji wa vipindi vya televisheni na video wa New York, Gina Garan, alipewa na rafiki yake Blythe mmoja wa mwaka ule wa 1972. Alikuwa akijifunza kupiga picha, akamfanya mwanasesere huyo kuwa mtu wa kumpigia mazoezi. Mwanasesere hachoki kusimama wala hadai malipo, na yale macho yaliyowatisha watoto yalipokea mwanga vizuri mbele ya kamera. Garan akawa anasafiri naye kila aendako, akapiga picha kwa mamia. Mwaka 2000 picha hizo zikatoka katika kitabu, This is Blythe.

Kabla ya hapo, mwaka 1999, Garan alikuwa amekutana na Junko Wong, mtu wa shughuli za sanaa kutoka Japani. Wong akampeleka Blythe kwa maduka ya Parco ya huko, na mwaka 2000 Parco wakamtumia katika matangazo yao ya televisheni. Wajapani wakampenda mara moja. Mwaka 2001 kampuni ya Takara ikaanza kumtengeneza upya, kwa idhini ya Hasbro, waliokuwa wamerithi mali za Kenner.

Jambo la kuzingatia, msikilizaji, ni kile kilichofuata. Wanunuzi wengi hawakumweka kabatini wakamwangalia. Walimfungua kichwa, wakambadilisha macho, wakamsugua uso kwa msasa na kumpaka rangi upya, wakamshonea nywele nyingine. Wengine walijifunza cherehani kwa ajili ya gauni lenye urefu wa kiganja, na wapo waliofanya ufundi huo kuwa riziki. Mwanasesere amekuwa somo la ushonaji, uchoraji na upigaji picha kwa watu ambao huenda wasingethubutu kujiita wasanii.

Hata hivyo tusiufumbie macho upande wa pili. Wale wa mwaka 1972, kwa kuwa ni wachache, wamefika bei ya mamia ya dola na zaidi. Penye bei hizo huingia walanguzi, na wapo wanunuzi wanaohesabu masanduku ambayo hayajafunguliwa. Huyo hana burudani tena, ana ghala.

Basi anayetaka kumchagua mwanasesere wa kuhifadhi, au kitu kingine chochote cha kumburudisha baada ya kazi, asiulize kwanza bei yake itapanda lini. Aulize: kitu hiki kitanifundisha nini mikono yangu isichokijua? Garan hakuchagua kilichosifiwa na soko. Alipokea kilichokataliwa, akakitazama kwa subira mpaka kikampa kazi.

Wahenga hawakukosea kuhusu kizuri kujiuza. Ila siku nyingine kizuri hukaa miaka 25 kikimngoja mnunuzi mwenye jicho. Na mtu mzima aliyepata cha kuchezea kinachomfundisha, tumwache acheze.