Muhoroni: Nani Aliwasikiliza Vijana Kabla ya Kaunsela?

Wapo wazee hapa Muhoroni wanaoshikilia kwamba kumpeleka kijana kwa kaunsela ni mambo ya Wazungu, na kwamba mtoto wa zamani hakujua msongo wa mawazo. Historia ya Waluo wenyewe inawapinga.

Kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, katika boma la Mjaluo palikuwa na nyumba iliyoitwa siwindhe. Humo walilala wasichana, na wavulana wadogo ambao hawajahamia simba, yaani nyumba ya vijana wa kiume, chini ya ajuza aliyeitwa pim. Wanahistoria David William Cohen na E.S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao cha 1989 kuhusu Siaya, wanaeleza kwamba mara nyingi pim alikuwa mtu wa kuja, si wa ukoo wa baba. Alitega vitendawili na kusimulia hadithi, lakini pia alizungumza waziwazi kuhusu mwili, uchumba na ndoa. Binti alipata mtu wa kumuuliza yale asiyothubutu kumtajia mamaye. Naamini ugeni huo ndio uliompa pim nguvu: hakuwa mzazi. Tusimtukuze kupita kiasi, maana alifundisha utii vilevile.

Kisha zikaja shule za misheni na kazi ya ujira. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza miaka ya 1920, cha Muhoroni kikafuata 1966, halafu Chemelil. Skimu za makazi baada ya uhuru zilileta familia kutoka pande nyingi. Baba na mama walikuja na watoto. Nyanya mara nyingi alibaki nyumbani kwao.

Kazi ya pim ikaangukia shule. Kamati ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu ilipendekeza ushauri nasaha shuleni, ila mwalimu aliyetakiwa kusikiliza ndiye aliyeshika kiboko. Ni mwanafunzi gani angemfungulia moyo? Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos. Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku viboko shuleni na ushauri ukahimizwa upya. Ni mwaka huo pia kiwanda cha Muhoroni kilipowekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Mkulima asipolipwa miwa yake, karo hukwama, na kijana hurudishwa nyumbani akiwa na mzigo ambao hana wa kumweleza.

Sheria nayo ilimtisha kijana aliyelemewa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hivyo aliyenusurika aliweza kuishia kizimbani badala ya wodini. Kifungu hicho kilidumu hadi Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipokitangaza kuwa kinyume cha katiba.

Kwa sasa juhudi ya kuwasikiliza vijana inayonivutia zaidi ni ya shirika la Shamiri, lililoanzishwa na Tom Osborn, aliyekulia Awendo, mji mwingine wa miwa. Utafiti wao uliochapishwa 2021 ulihusu wanafunzi wa sekondari Nairobi na Kiambu, waliokutana kwa makundi mara nne tu, kila wiki mara moja. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Walioongoza makundi hayo hawakuwa madaktari, wala walimu, wala wazazi. Walikuwa vijana waliomaliza shule juzijuzi.